Mteremko Haugawanyiki kwa Fensi

Kila mwaka kati ya Desemba na Februari, udongo unapokuwa mkavu, vijiko, ile mitambo ya kuchimba udongo, hupanda barabara za juu ya Sekei, Ilboru na Moshono, hapa Arusha, kwenda kukata viwanja. Kazi ya kiwanja kimoja huchukua siku mbili au tatu. Udongo wa upande wa juu unachimbwa, unasukumwa upande wa chini, unakanyagwakanyagwa na mtambo uleule uliousukuma, na mwenye kiwanja anabaki na uwanja tambarare ambao juma lililopita haukuwepo. Juu ya uwanja huo fundi huvuta kamba na kusimamisha nyumba ileile ambayo angeisimamisha kwenye tambarare ya Muriet au Kisongo: safu ya vyumba sita au vinane vya kupanga, mlango kwa mlango, baraza nyembamba mbele, vyoo na bafu vya pamoja mwisho wa safu, na shimo la majitaka popote palipobaki nafasi. Nyumba ya tambarare imepandishwa mlimani bila mtu kuuliza kama inapaweza.

Sina ugomvi na vyumba vya kupanga, wala na watu wengi kuishi pamoja mlimani. Naamini kinyume chake. Jiji la Arusha linapanda kuelekea Mlima Meru kwa sababu watu wanataka kuishi karibu na kazi, na mwalimu, muuguzi, mpishi wa hoteli au dereva wa watalii anayelipa kodi ya chumba kimoja ana haki ya hewa ya Ilboru sawa na mwenye nyumba ya ghorofa iliyozungushiwa fensi ya mawe. Zaidi ya hapo, ardhi ya mlimani ndiyo ardhi ya migomba na kahawa. Tukiimaliza kwa kumpa kila mtu kiwanja chake na fensi yake, tutakuwa tumekula shamba na bado hatujawapa makazi watu wa kutosha. Familia nane zinazokaa vizuri kwenye kiwanja kimoja ni nafuu kwa mlima kuliko familia nane kwenye viwanja vinane.

Kosa ninaloliona liko katika kile kinachofikiriwa kwanza. Mwenye kiwanja huanza kwa kuhesabu vyumba, kwa kuwa vyumba ndivyo vinavyolipa kodi, na maji, udongo na njia ya kupitia hupewa nafasi iliyobaki pamoja na fedha zilizobaki, kama zimebaki. Mlimani hesabu inapaswa kuanzia upande wa pili. Watu wanaoishi pamoja kwenye mteremko wanashirikiana, watake wasitake, maji yanayopita, ukuta unaozuia udongo na njia ya kupandia. Choo, jiko na uwanja wa watoto huja baada ya hapo. Maji, ukuta na njia vichorwe kwanza, vitengewe fedha kwanza, na viwe na mwenyewe anayejulikana kabla chumba cha kwanza hakijawekewa mlango.

Nianze na udongo, kwa sababu ndio unaotudanganya zaidi. Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ni volkano, na mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910. Upande wake wa mashariki uliporomoka zamani sana, ukaacha kasoko lililo wazi upande mmoja, ambalo kila mtu anayepanda kwa njia ya Momella hulitazama kwa mshangao. Sehemu kubwa ya ardhi tunayojengea imetokana na majivu na vipande vya mawe vilivyotupwa na mlima huo. Udongo wa namna hii ukikatwa wima wakati wa kiangazi husimama wenyewe, mita tatu, hata nne, ukiwa msafi na imara kama ukuta uliopigwa lipu. Fundi anautazama, anaugonga kwa nyundo, kisha anasema maneno ambayo nimeyasikia kwenye viwanja vingi mno: "Mama, huu siyo udongo, ni jiwe. Tukiweka ukuta hapa tunapoteza simenti yako bure." Kwa mwezi wa Januari anasema kweli. Kinachoushikilia udongo mkavu ni unyevu mdogo uliobaki kati ya chembe zake pamoja na gundi dhaifu ya madini. Maji ya masika yakijaa ndani yake, mshiko huo unalegea na uzito unaongezeka kwa wakati mmoja. Udongo uliosimama miezi mitatu unaweza kushuka kwa usiku mmoja wa Aprili.

Niliwahi kuishi chini ya mkato kama huo kwa masika mawili, nikiwa mpangaji katika nyumba ya vyumba vinane. Nyuma yetu palikuwa na ukuta wa bloku wenye kimo cha karibu mita tatu, ulionyooka vizuri, uliopakwa rangi nyeupe, na usiokuwa na tundu hata moja la kutolea maji. Masika ya kwanza ukuta ulitoa jasho. Rangi ilivimba, ikabanduka, na kwenye vyumba vya nyuma nguo zilizotundikwa zilianza kunuka ukungu. Masika ya pili ufa ulitokea kwenye theluthi ya chini, ukawa unakua polepole kiasi kwamba kila mmoja wetu aliuona na hakuna aliyeona ni wajibu wake kuusemea. Usiku mmoja wa mvua kubwa ukuta uliinama, kisha ukalala juu ya vyoo vyetu vya pamoja. Namshukuru Mungu kwamba hakukuwa na mtu ndani. Kwa wiki tatu familia nane tulibisha hodi kwa jirani wa upande wa pili tukiwa na ndoo na watoto mikononi.

Kilichonifundisha zaidi ni mabishano yaliyofuata. Mwenye nyumba alisema maji yalitoka kwa jirani wa juu. Jirani wa juu alisema ukuta haukuwa wake, na kwamba aliyekata udongo chini ya kiwanja chake ndiye aliyepaswa kuuzuia. Sisi wapangaji tulisema tunalipa kodi, hatulipi kuta. Kila mmoja alikuwa na hoja yenye mantiki, na hoja zote zilitegemea dhana kwamba mpaka wa kiwanja ni mpaka wa tatizo. Maji hayakuwahi kuisoma hati ya mtu yeyote.

Ukuta wa kuzuia udongo una hesabu ambayo kila mwenye kiwanja cha mlimani anapaswa kuifahamu, hata kama hajawahi kukaa darasani na mhandisi. Msukumo wa udongo hauongezeki sawasawa na kimo. Ukuta ukiwa na kimo mara mbili, nguvu inayousukuma inakuwa mara nne, na nguvu inayotaka kuupindua kutoka kwenye msingi inakuwa mara nane. Kwa hiyo ukuta wa mita tatu si sawa na kuta mbili za mita moja na nusu zilizopangwa juu ya nyingine. Ni mnyama mwingine kabisa, anayehitaji nondo, msingi mpana na mchoro wa mhandisi. Maji yakisimama nyuma ya ukuta huo wa mita tatu hadi juu, yenyewe tu, bila udongo, yanausukuma kwa nguvu ya karibu tani nne na nusu kwa kila mita moja ya urefu wake. Ukuta wetu mweupe ulikuwa na urefu wa mita 20 na zaidi. Hakuna bloku za inchi sita zinazoweza kubishana na mzigo huo.

Ndiyo sababu ninapendelea kuta fupi zilizoachana, ya juu ikirudishwa nyuma kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha ile ya chini ili isiielemee, nyuma yake pakiwa na kokoto au mawe matupu yanayoshusha maji hadi chini, na matundu yanayoyatoa kila baada ya mita moja na nusu hivi. Ukuta mfupi wa mawe, uliojengwa kwa uzito wake na kuegemea mlima kidogo, fundi mwashi wa Arusha anaujua vizuri. Nafasi kati ya ukuta na ukuta hupandwa majani ya kushika udongo, mboga au masale, na nafasi hiyo ndiyo wenye viwanja wanayoiita hasara, kwa sababu haiwezi kuwa chumba. Naiona kuwa sehemu ya bei ya kujenga mlimani, kama vile msingi ulivyo sehemu ya bei ya nyumba.

Upande wa chini wa uwanja uliokatwa una ugonjwa wake. Udongo uliosukumwa na kijiko na kuachwa hivyo huendelea kushuka kwa miaka. Nyumba iliyoweka nusu ya msingi wake kwenye ardhi ya asili na nusu kwenye kifusi hupasuka palepale ardhi mbili zinapokutana, na ufa huo, unaoanzia sakafuni na kupanda kwenye ukuta wa kati, ni wa kawaida kiasi kwamba watu huuchukulia kama desturi ya nyumba za mlimani. Kifusi kinaweza kufanywa kibebe, lakini kwa tabaka za sentimeta 15 hadi 20, kila moja ikinyunyiziwa maji na kushindiliwa kabla ya inayofuata kumwagwa. Sijawahi kumwona mwenye kiwanja mwenye haraka ya Januari akiwa na subira hiyo. Mahali ambapo subira hiyo haipo, msingi ushuke hadi kwenye ardhi ya asili, hata kama ni kwa nguzo.

Lakini mteremko una zawadi pia, na wachoraji wengi wanaipita bila kuiokota. Chukua mteremko wa asilimia 25, yaani unaoshuka mita moja kila baada ya mita nne za kutembea, ambao si wa ajabu kwenye viwanja vya juu. Katika kina cha mita 12, kutoka nyuma ya nyumba hadi mbele, ardhi imeshuka mita tatu, na mita tatu ndicho kimo cha ghorofa moja kutoka sakafu hadi sakafu. Maana yake ni kwamba nyumba ya ghorofa mbili yenye kina hicho inaweza kuwa na milango miwili ya ardhini: wa sakafu ya juu upande wa nyuma, kwenye njia ya juu, na wa sakafu ya chini upande wa mbele, kwenye njia ya chini. Hakuna ngazi ya ndani, hakuna familia inayopita sebuleni kwa wenzake, na hakuna mtoto wa juu anayekimbia kwenye korido ya watu wa chini. Sakafu ya chini haihitaji hata kufika hadi nyuma. Ikisimama nusu ya njia, ukuta wake wa nyuma unakutana na udongo wenye kimo cha mita moja na nusu tu. Mkato wa kutisha umetoweka kwa sababu nyumba imekubali kupinda goti pale ardhi ilipopinda.

Nyumba za namna hiyo zikiunganishwa ubavu kwa ubavu, kila ukuta wa ubavuni ukitumiwa na familia mbili, safu inakwenda na mstari wa kontua, yaani mstari unaofuata ardhi ya kimo kimoja, na safu ya pili inakaa chini yake na kutazama juu ya paa la ya tatu. Hapa Arusha mlima uko kaskazini na mji uko kusini, kwa hiyo mandhari iko mbele na baridi iko nyuma. Mwezi Juni na Julai jua la saa sita mchana linaegemea kaskazini, na chumba cha nyuma kilichobanwa na mkato hakilioni. Kuacha uchochoro wa mita moja na nusu au mbili kati ya mkato na ukuta wa nyuma, wenye mfereji chini na mwanga juu, kunaokoa vyumba hivyo na ukungu na kumpa fundi mahali pa kusimama siku ya ukarabati.

Nje ya jiji la Bern nchini Uswisi kuna mtaa uitwao Halen, uliochorwa na wasanifu wa Atelier 5 na kukamilika mwaka 1961. Ni nyumba 79 nyembamba zilizoshikana kwa safu zinazoshuka mteremko katikati ya msitu, zikiwa na uwanja mmoja wa pamoja, duka na bwawa la kuogelea. Siwezi kusema kwamba tuuhamishie Sekei. Hali ya hewa ni tofauti, fedha ni tofauti, na namna ya kuishi ni tofauti. Jambo moja tu nalichukua kutoka kule: magari yanaishia ukingoni mwa mtaa na hayaingii kati ya nyumba. Barabara ya gari inayopanda mteremko hadi kwenye kila mlango inakata udongo kuliko nyumba zenyewe, inahitaji kuta zake na mifereji yake, na mvua ikinyesha inageuka kuwa mto. Familia nane zenye sehemu moja ya kuegesha kando ya barabara ya juu, na njia nzuri ya miguu kutoka hapo, zimeokoa kuta nyingi.

Nimesema njia nzuri, na neno hilo linahitaji vipimo. Njia ya miguu ya mlimani hubeba mtungi wa gesi, ndoo ya maji, gunia la mkaa, mama mjamzito usiku wa manane, na siku nyingine hubeba jeneza. Nimewahi kuona wanaume sita wakilisimamisha jeneza karibu wima kwenye kona ya ngazi kwa sababu aliyeichora hakuwahi kuwaza kwamba mtu angetoka humo akiwa amelala, na sitaki kuona tena. Upana wa mita moja na nusu unatosha kwa machela na wabebaji wake. Kimo cha kidato cha ngazi kisizidi sentimeta 17, na kila baada ya vidato kumi au kumi na viwili pawe na sehemu bapa ya kupumzikia yenye nafasi ya kugeuka. Mfereji upite kando ya ngazi, usiteremke juu yake. Vigae vya kung'aa visitumike kabisa. Zege lililokwaruzwa kwa ufagio linashika mguu wakati wa mvua kuliko kigae cha bei yoyote.

Kuna watu ambao ngazi nzuri haitawasaidia. Mteremko laini unaomfaa mtu wa kiti cha magurudumu hupanda mita moja kwa kila mita 12, kwa hiyo kupanda mita tatu, yaani ghorofa moja tu, kunadai njia ya mita 36 bila kuhesabu sehemu za kupumzikia. Kwenye viwanja vyetu vingi urefu huo haupo. Jibu la kweli ni kuzipanga nyumba zilizo sawa na barabara kwa ajili ya wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu, na kuandika hivyo tangu kwenye mchoro, badala ya kuzipangisha kwa bei ya juu kwa mtu mwenye gari.

Choo nacho kinadai kufikiriwa mapema. Kwenye tambarare, maji yanayotoka shimoni na kunyonywa na udongo hupotea chini. Mlimani yanasafiri kwa ubavu, na yanaweza kuchungulia mita 15 mbele kwenye ukuta wa jirani wa chini. Mashimo huwekwa upande wa chini wa kiwanja ili majitaka yashuke yenyewe, jambo ambalo ni sahihi, lakini gari la majitaka linakuja kwa barabara ya juu. Pampu yake hunyonya kwa kutegemea mgandamizo wa hewa, na katika mwinuko wa Arusha, mita 1,400 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hata kwa nadharia haiwezi kuinua maji mita tisa. Kwa majitaka mazito na bomba refu, uwezo huo hupungua sana. Shimo lililo mita nane chini ya barabara limejengwa ili lisinyonywe kamwe. Siku litakapojaa, mtu atalitoboa usiku wakati mvua ikinyesha na kuyaachia yashuke kwenye korongo, na watu wa chini watayapokea. Chemba moja kubwa ya pamoja, iliyojengwa vizuri mahali ambapo gari linafikia, ni bora kuliko mashimo manne yaliyofichwa.

Maji safi ya mvua yana hesabu ya kufurahisha zaidi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la mita za mraba 200, likipata mvua ya milimita 50 kwa usiku mmoja, linashusha lita 10,000, ambazo ni tani 10. Maji hayo yakiachiwa yadondoke kutoka kwenye bati hadi kwenye uwanja, yanachimba msingi wa nyumba yenyewe, kisha yanamfuata jirani. Yakikusanywa kwa gata na kuingizwa kwenye simtanki, ni maji ambayo hayana floraidi inayochafua meno ya watoto wetu, kwa kuwa floraidi hutoka kwenye miamba ya volkano na si mawinguni. Mkoa ambao chemchemi na visima vyake vingi vinasumbuliwa na floraidi ungepaswa kuyaheshimu maji ya bati kuliko mahali pengine popote. Tahadhari yangu ni moja: tangi lililojaa ni tani 10 zinazokaa mahali pamoja, na lisiwekwe kamwe kwenye kifusi wala kwenye ukingo wa ukuta, hata kama hapo ndipo panapofaa kwa presha ya bomba.

Maji yanayozidi tangi ndiyo yanayotuunganisha na watu tusiowajua. Mito ya Themi, Naura na Burka hushuka kutoka mlimani na kupita mjini, na kila paa jipya na kila uwanja uliowekewa zege juu huko hufupisha muda kati ya mvua kunyesha na mto kufurika chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mwenye kiwanja anayepakana na korongo huiona sheria hiyo kuwa inamnyang'anya ardhi. Mimi naiona kuwa inamwachia mlango wa kutolea maji yake taratibu, kupitia nyasi na mawe, badala ya kuyarusha kwa bomba. Aprili 2024 maji ya mvua yalilisomba gari la shule hapa Arusha, na watoto wakapoteza maisha. Miezi minne kabla ya hapo, Desemba 3, 2023, tope lililoanzia kwenye Mlima Hanang liliua zaidi ya watu 80 katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Sisemi kwamba vyumba vya kupanga vya Ilboru ndivyo vilivyosababisha mambo hayo. Nasema kwamba tunaishi kwenye miteremko ya aina ileile, na kwamba kinachotokea juu humfikia mtu aliye chini ambaye hakuulizwa.

Hapo ndipo linapokuja swali la nani mwenye mfereji. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inawapa wenye nyumba za pamoja chombo cha kusimamia maeneo ya wote, lakini nyumba nyingi ninazozizungumzia zina mmiliki mmoja na wapangaji wanaokaa mwaka mmoja au miwili kisha wakahama. Mpangaji hana sababu ya kujenga ukuta wa mtu. Ana sababu ya kuzibua tundu, iwapo amejulishwa kwamba tundu lile ndilo linalokilinda choo chake, na iwapo kazi hiyo imeandikwa kwenye mkataba pamoja na kodi, taka na umeme wa LUKU. Mwenye nyumba naye atenge sehemu ya kodi kwa ajili ya kuta na mifereji, na asiiguse kwa jambo lingine.

Utaratibu kama huo si mgeni kwetu. Jirani zetu wa Kilimanjaro walichimba mifongo iliyochukua maji kwenye makorongo na kuyapitisha kando ya miteremko hadi kwenye vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, na Wameru na Waarusha nao walikuwa na mifereji yao. Mfongo haukuwa wa mtu mmoja na haukuwa wa kila mtu ovyo. Ulikuwa na watu wake wanaojulikana, zamu zao za maji na siku zao za kusafisha, na aliyekosa kazi bila sababu alitozwa faini au alikosa maji. Watu hao waliishi kwenye mteremko mkali kwa vizazi vingi huku wakielewa kwamba anayekaa juu ana deni kwa anayekaa chini. Tuliporithi ardhi yao na kuikata vipande vipande, tuliichukua mipaka, tukaliacha deni.

Ningependa kuona halmashauri zikikataa kulifungua faili la ujenzi wa mlimani lisilo na mchoro wa mkato, yaani mchoro wa ardhi kama iliyopasuliwa wima, unaoanzia kwenye kiwanja cha jirani wa juu na kuishia kwenye kiwanja cha jirani wa chini, ukionyesha vimo vya ardhi kabla na baada ya kuchimba, na mshale unaoonyesha maji yanatokea wapi. Ramani ya sakafu peke yake haisemi lolote kuhusu mteremko. Kwenye ramani hiyo Ilboru na Kisongo ni kitu kimoja. Mchoro wa mkato ni karatasi moja. Ukiwekwa mezani kwa mwenyekiti wa mtaa mbele ya majirani watatu, wenye viwanja wanaweza hata kugundua kwamba ukuta mmoja unaopita kwenye viwanja vyote vitatu na mfereji mmoja unaoishia korongoni ni nafuu kuliko kuta tatu zinazosukumiana maji.

Nyumba niliyokuwa mpangaji ilichukua karibu mwaka mzima kufika hapo. Mwenye nyumba na jirani wa juu walikubaliana hatimaye, baada ya vikao ambavyo sitavisimulia, kugawana gharama. Jirani aliweka gata na tangi. Mwenye nyumba alivunja mabaki ya ukuta mweupe, akarudisha mlima nyuma kwa kuta mbili za mawe, akapoteza chumba kimoja kati ya vinane. Kati ya kuta hizo wapangaji walipanda masale na mchicha. Nilipopita hapo Februari, wiki chache kabla ya masika, kijana mmoja ambaye sikumfahamu alikuwa amechuchumaa kwenye ukuta wa juu akizibua matundu kwa kipande cha nondo, moja baada ya jingine, na mwenzake alikuwa chini akizoa mchanga uliotoka na kuutia kwenye ndoo.